Mzee Rula na Sigara Fupi

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu, wastaafu na watumishi wa ofisi ya kodi mliojaa hapa hadi wengine mmesimama ukutani, madaktari na wauguzi wa hospitali kuu mliokuja na sare zenu, tunaomba utulivu wenu kwa muda, kwa niaba ya familia, tuwasomee maisha ya mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mzee Rula, na ambaye leo, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hatamkatiza msomaji ili kusahihisha tarakimu.

Historia hii inasomwa na shemeji yake, mdogo wa mjane, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, akisema kwamba watoto watalia na shemeji atatania, na kwamba siku ile yeye atahitaji zaidi mtu wa kutania. Aliagiza pia isisomwe kwa sauti ya kilio, bali isomwe kama bajeti inavyosomwa, kichwa juu na sauti ya kufika mlangoni, na pale panapostahili watu wagonge viti, kama wabunge wanavyogonga meza. Rasimu ya kwanza aliletewa kitandani mwezi Septemba, akaomba kalamu nyekundu, akaweka alama sehemu mbili za kugonga viti, kisha akakata neno "mkarimu" na kuandika pembeni "ithibitishwe", na familia, baada ya kukaa kikao na kukumbushana mengi, imeshindwa kuthibitisha, kwa hiyo neno hilo halimo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1949, katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya kiwanda cha sigara, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba yake akiwa mkataji wa tumbaku katika chumba cha mashine, na mama yake akiuza sigara mojamoja kwenye sinia la bati pale getini. Waliokulia katika nyumba zile wanakumbuka kwamba nguo zilianuliwa zikinuka tumbaku, mito ilinuka tumbaku, na mtoto akiingia darasani mwalimu alijua anatoka wapi kabla hajafungua mdomo. Wateja wa mama yake walikuwa wapakuaji mizigo, wafagiaji na walinzi, watu wa kununua sigara moja asubuhi na nusu jioni, ndiyo, nusu, kwa maana mama alikuwa na wembe, na aliikata sigara katikati mbele ya macho ya mteja, na pakitokea ubishi kuhusu nusu ipi ni ndefu, aliitwa huyu mtoto wake wa pili, akazishika zote mbili, akazilinganisha kwa jicho moja, na neno lake likawa la mwisho. Kwa hiyo wale mnaodhani kazi ya kodi aliianza ofisini, mnakosea, aliianza getini.

Baba yake alifariki tarehe 19 Februari 1961, akiwa bado kijana wa kubeba gunia, na siku zile hakuna aliyeeleza ni nini hasa kilichomuua, ilisemwa tu kwamba ni kifua, na kiwanda kwa heshima zote kikatuma katoni nzima ya sigara msibani, nayo waombolezaji wakaivuta uani hadi ikaisha. Marehemu alipokuwa akisimulia habari hiyo alikuwa akicheka na kutikisa kichwa, lakini hakuwahi kuisimulia akiwa ameketi, ilikuwa lazima asimame.

Kuhusu elimu, alisoma shule ya msingi ya pale karibu na kiwanda kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, akaendelea na sekondari ya bweni kuanzia 1964 hadi 1969, na chuo kikuu kuanzia 1970 hadi 1973, alikohitimu shahada ya uchumi, na ada yote ya miaka ile, sare, viatu na sanduku la chuma la bweni, vilitoka kwenye lile sinia la bati. Mama yake alimkataza kuivuta bidhaa, na kwa miaka yote ya nyumbani hakuivuta, lakini alipofika chuo kikuu, mbali na macho ya mama, akaanza kuvuta, akavuta kwa bidii ileile aliyosomea, na hilo ndilo jambo pekee alilojifunza chuoni ambalo baadaye alitamani angefeli.

Tarehe 1 Julai 1973 aliajiriwa na ofisi ya kodi kama afisa wa ushuru daraja la tatu, na kwa kuwa mwaka wa serikali huanza siku hiyohiyo, aliamini hadi mwisho kwamba yeye na bajeti ni pacha. Kituo chake cha kwanza kilikuwa ndani ya kiwanda kilekile cha sigara, kwa sababu enzi hizo stoo ya kiwanda ilikuwa na kufuli mbili, moja ya kiwanda na moja ya serikali, na hakuna katoni iliyotoka kwenda madukani mpaka mtu wa serikali afungue kufuli yake, ahesabu, agonge muhuri, na kodi ijulikane. Asubuhi ya kwanza alipita getini kwa shati jeupe na ufunguo wa serikali mkononi, na mama yake, aliyekuwa ameketi palepale alipoketi kila siku, akaweka sinia chini, akainuka, akapangusa mikono kwenye kanga yake, akamwamkia mtoto wake kwa heshima mbele ya walinzi wote kana kwamba ni mgeni wa serikali, naye akasahau mambo ya serikali, akamshika mama yake mikono yote miwili. Hapa ndipo alipoweka alama yake nyekundu ya kwanza, kwa hiyo tunaomba, kwa ajili ya mama yule, mgonge viti.

Ahsanteni.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 28 Juni 1975, na muuguzi wa wodi ya kifua ya hospitali kuu, dada yake msomaji, na tarehe hiyo aliichagua yeye, akisema si vizuri jambo kubwa namna ile kuvuka mwaka wa fedha. Bibi harusi alikuwa ameshaona mengi wodini, akamwomba bwana harusi aache sigara, naye, akiwa na sigara nyuma ya mgongo, akajibu kwa mzaha, "Nitaacha siku bei itakaponishinda." Ukweli ni kwamba shemeji yangu huyu alikuwa na mkono wa birika, mtu wa kuzima taa ukiwa bado unatafuta viatu vyako, na dada akajua kabisa kwamba siku hiyo ipo, kilichobaki ni kuitafuta. Mpaka leo mjane anasema kwamba katika maneno yote yaliyosemwa kwenye harusi ile, hicho ndicho kiapo alichokisikia vizuri.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza, binti aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 1976, sasa ni mwalimu wa hisabati, wa pili, kijana aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1979, ni dereva wa gari la wagonjwa, na kitinda mimba, binti aliyezaliwa tarehe 23 Oktoba 1984, ni mwanasheria, na wote watatu wapo hapa. Aliwalea kwa mapenzi na kwa risiti, kwa sababu ukitumwa dukani ulirudi na chenji, risiti na maelezo.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu aliagiza tusiparuke, na tusipapake rangi. Mwaka 1988, akiwa amehamishiwa makao makuu kuandika mapendekezo ya kodi, aliandika kifungu kipya kwa mkono wake, kwamba sigara fupi, isiyozidi milimita sabini, ilipe nusu tu ya kodi ya sigara ndefu. Hakuhongwa na hakushinikizwa, alikuwa akiwafikiria wale wapakuaji na wafagiaji wa mama yake, wazee wa kununua nusu jioni, akaona serikali iwaonee huruma kidogo, na kifungu kikapita bungeni bila hata mtu mmoja kukohoa. Kwa moyo wake wote aliamini amewatendea wema watu wa getini kwao.

Miaka miwili baadaye, mke wake alirudi kutoka kazini na kitu kwenye mfuko wa aproni, akakiweka mezani katikati ya chakula, nacho kilikuwa pakiti ya sigara, nyembamba, yenye rangi za kuchekacheka, akamweleza kwamba kila anapofagia chini ya vitanda vya wodini anaokota pakiti hizo, na kwamba wenye vitanda hawana mvi, ni vijana wa juzi tu, wanapumua kwa mabega. Marehemu alitoa sigara moja, akamwomba binti yake wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi ya shule pembeni ya meza, amwazime rula, akapima, ikasoma milimita sitini na tisa. Akatoa ya pili, ikasoma vilevile, na ya tatu, na hapo chakula kikampita, kwa sababu alielewa kwamba kiwanda kimenunua mashine mpya ya kukata kwa ajili ya kifungu chake, kwamba zile si sigara za wazee, ni za vijana wa shule na wa vijiweni, na kwamba bei ya kuwaingizia moshi kifuani aliipunguza yeye mwenyewe. Rula ile hakuirudisha, binti akaililia wiki nzima, akaambiwa kwamba kodi ikishachukua haiachii upesi.

Akapiga moyo konde, akaandika upya, na mpaka wa urefu ukashuka kutoka sabini hadi sitini na tano, na kabla wino haujakauka kiwanda kikakata sigara za sitini na nne. Akaushusha hadi sitini, zikaja za hamsini na tisa, zenye pakiti nzuri zaidi. Akawa anapita madukani na rula kwenye mfuko wa koti, ananunua, anapima mbele ya muuzaji, anasonya, anavuta aliyoipima, anaandika barua nyingine, na ndipo jina la Mzee Rula lilipozaliwa, kwanza kwa wauza maduka, kisha ofisini, kisha nyumbani. Alikuwa mtu mmoja mwenye rula akishindana mbio na mashine, na mashine haikuwa ikitoa jasho.

Alirudi nyumbani siku moja amechoka, akamwonyesha mke wake rasimu ya milimita hamsini na tano, akieleza jinsi safari hii atakavyowakamata, naye dada akasikiliza mpaka mwisho, akiwa bado na kofia ya uuguzi kichwani, kisha akamwambia, "Mume wangu, acha kupima. Sigara ni sigara." Wenye kumfahamu marehemu wanajua kwamba hakuwa mtu wa kukubali neno la mtu siku hiyohiyo, lakini safari ile aliichana rasimu, akachukua karatasi nyeupe na kuandika sentensi moja, kwamba kila sigara, iwe ndefu au fupi, yenye kichungi au isiyo nacho, ya pakiti nzuri au ya pakiti mbaya, italipa kodi ileile, na kodi hiyo iwe kubwa, na ipande kila mwaka kadiri bei za vitu vingine zinavyopanda. Aliniambia baadaye kwamba ilikuwa sheria fupi kuliko zote alizowahi kuandika, na kwamba ilimchukua miaka mingi na mke mmoja.

Ndugu zangu, msidhani ilipita kwa urahisi. Iliwekwa kapuni mara nyingi, ikaitwa ndoto ya mke wa Rula, na mkuu wa idara, ambaye kwa haki hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu moja tu, kwamba sigara ikiwa ghali watu wataacha, wakiacha hazina itakauka, na hazina ikikauka mishahara ya walimu na ya wauguzi haohao itatoka wapi. Nyumbani, upande wa pili, mke naye alikuwa na hofu yake, kwamba serikali ikizoea fedha ya sigara haitataka watu waache, kwa hiyo chumba cha kulia cha nyumba ile kiligeuka bunge, bwana akitetea hazina, bibi akitetea mapafu, watoto wakila haraka wakimbie. Marehemu alishikilia kwamba vyote viwili vinawezekana kwa pamoja, wengi wavute kidogo au waache kabisa, na hazina ipate zaidi kutoka kwa wanaong'ang'ania, lakini alikiri kwamba hajawahi kuliona kwa macho yake, na hilo lilimkosesha raha.

Hatimaye, tarehe 15 Mei 2001, aliitwa mbele ya kamati ya bajeti. Meneja wa kiwanda alizungumza kwanza, vizuri na kwa utulivu, juu ya ajira na magendo na starehe pekee ya maskini, kisha akamgeukia marehemu na kuuliza kama si yeye aliyeandika kifungu cha sigara fupi, na kama ni yeye, alikosea wakati ule au anakosea sasa. Chumba kizima kikamtolea macho. Marehemu akainuka, akatoa mfukoni rula ya binti yake, akazipanga juu ya meza sigara nne, ya sabini, ya sitini na tisa, ya sitini na nne na ya hamsini na tisa, akasema, "Nilikosea wakati ule, na hizi ndizo hatua za kosa langu." Akawaeleza habari ya mama yake na wembe, na ya wodi ya kifua, na mwenyekiti wa kamati akaomba ile rula, akapima mwenyewe moja baada ya nyingine, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka, akairudisha rula kwa mikono miwili.

Tarehe 14 Juni 2001 bajeti ilisomwa na kifungu kikawemo, na nyumbani tulikuwa tumejazana sebuleni tukisikiliza redio, shemeji akiwa amesimama, maana hakuweza kukaa, na neno "sigara" lilipotajwa alimshika msomaji huyu bega kwa nguvu kiasi kwamba alama zilibaki. Tulishangilia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amejifungua.

Na sasa sikilizeni hili, kwa sababu yupo hapa muuza duka wa kona, ambaye ni shahidi, na ambaye ameruhusu litajwe. Asubuhi ya tarehe 1 Julai 2001, sheria ikianza kutumika, Mzee Rula alikwenda dukani kama kawaida yake, akaomba pakiti moja, akatajiwa bei, akang'aka, akauliza kama ni pakiti au ni redio, akatishia kuhama duka, akadai kwamba wafanyabiashara wanatumia bajeti kuwaibia wananchi, akaendelea hivyo foleni ikisubiri, mpaka muuza duka akamwambia kwa upole, "Mzee, bei hii umeiweka wewe." Foleni iliangua kicheko. Shemeji alisimama pale, fedha mkononi, akaitazama pakiti, akaitazama fedha, na wote tunajua kati ya viwili hivyo alikipenda kipi zaidi. Akarudisha fedha mfukoni, akanunua kiberiti na pipi, akarudi nyumbani, akamkuta mke wake mlangoni, akamwambia kwamba bei imemshinda. Dada alicheka, akalia, akacheka tena, na tangu siku ile marehemu hakuvuta sigara nyingine hadi kifo chake, kwa hiyo mtu wa kwanza kuachishwa sigara na sheria ile alikuwa mwandishi wake.

Lakini furaha ile ilitiwa maji mapema, kwa sababu Julai makusanyo ya kodi ya sigara yalishuka, Agosti yakashuka zaidi, Septemba yakawa aibu, na mkuu wa idara akamwita, akamwambia wazi kwamba mwezi ujao ukiwa vilevile kifungu kitaondolewa, na yeye atakwenda kusimamia stoo ya vifaa, akahesabu mafaili na gundi mpaka astaafu. Marehemu alijua sababu, kwamba kiwanda kilisukuma sigara nyingi madukani mwezi Juni kabla kodi haijapanda, na kwamba nchi nzima ilikuwa bado inavuta za zamani, lakini kujua ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine, na yeye hakuwa mtu wa kuwaandikia wengine "ithibitishwe" akajisamehe mwenyewe. Na yote hayo aliyabeba bila sigara, mtu aliyekuwa na hasira za kuachishwa, anatafuna njiti za kiberiti, anagombana na redio, anapanga viatu vya watoto kwa urefu, na usiombe ungekuwa shemeji yake miezi ile. Kilichokuwa kikimuuma zaidi si stoo ya gundi, ni kwamba sheria ikianguka, zile pakiti za rangi zingerudi chini ya vitanda, na safari hii hakuna atakayemsikiliza tena.

Tarehe 5 Novemba 2001 hesabu za Oktoba zilifika. Sigara za zamani zilikuwa zimekwisha madukani, na karani wa takwimu, mama mnene mpole ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitembea haraka, alikuja akikimbia ukumbi mzima na viatu mkononi, akaweka karatasi mezani, na Mzee Rula akaisoma, akaisoma tena, akaipima mistari kwa rula kuhakikisha macho hayamdanganyi. Kodi iliyokusanywa ilikuwa imepita kiwango chochote kilichowahi kuonekana, na sigara zilizouzwa zilikuwa zimepungua kuliko wakati wowote tangu aanze kazi. Akainua simu, akapiga wodi ya kifua, akaomba muuguzi mkuu, ambaye sasa alikuwa mke wake, aitwe hata kama ana sindano mkononi, na alipokuja akamwambia maneno mawili tu, "Vyote viwili." Wauguzi waliokuwepo siku ile, nao wapo hapa, wanasema muuguzi mkuu aliweka simu chini, akafungua madirisha yote ya wodi bila kueleza kwa nini, na wagonjwa wakadhani ni amri ya daktari.

Hiyo ndiyo alama nyekundu ya pili. Gongeni viti, jamani, gongeni kwa hazina na gongeni kwa mapafu.

Ahsanteni sana. Kwa fedha ile, serikali ilijenga jengo jipya la kifua la hospitali kuu, lililofunguliwa tarehe 10 Machi 2006, lenye madirisha makubwa na mitungi ya hewa kila kitanda, na siku ya ufunguzi mke alipita mbele na wakubwa, na mume akabaki nyuma akipima upana wa milango kuona kama kitanda kitapita. Alistaafu kwa heshima tarehe 3 Juni 2009, akaishi maisha ya kustaafu akisahihisha risiti za mtaa, akifundisha wajukuu kugawanya, na kila bajeti akikaa karibu na redio, sheria yake ikipandishwa anatoka kifua mbele kwenda kumsalimia muuza duka, ambaye alikuwa amegeuka rafiki yake mkubwa.

Kuhusu kuugua kwake, ile miaka ya moshi ya ujana haikufutika yote, na mwezi Mei 2019 alianza kubanwa na kifua, akatibiwa akapata nafuu, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 30 Oktoba 2023 hali ikawa nzito, mtoto wake wa pili akamchukua kwa gari lake la wagonjwa, akalazwa katika jengo lile la kifua, kitanda cha dirishani. Daktari alimweleza kwa ukweli kwamba asingeacha sigara mwaka ule wa 2001 asingefika hata miaka sitini, kwa hiyo miaka aliyoishi baada ya hapo, harusi za watoto alizosimamia na wajukuu aliowabeba, vyote alivipata kutoka kwenye bei iliyomshinda. Marehemu alisikiliza, akavuta hewa ya mtungi, akauliza kama mtungi ule na kitanda kile vilinunuliwa kwa fungu la kodi ya sigara, akaambiwa ndiyo, akatabasamu meno nje, akasema sasa anaanza kurudishiwa.

Siku ya mwisho, akiwa na mke wake pembeni, alimwita binti yake wa kwanza, akatoa chini ya mto rula ya mbao, iliyoisha namba upande mmoja kwa kushikwa, yenye jina la binti kwa mwandiko wa shule, akamkabidhi, akasema kwa pumzi aliyokuwa nayo, "Marejesho yako, mwanangu. Samahani kwa kuchelewa." Binti alitaka kukataa, akamwambia akae nayo, naye akatikisa kichwa, maana mwaka wa fedha ulikuwa umefika mwisho kwake na hakutaka kuvuka na mali ya mtu. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, dirisha likiwa wazi, na aliyelifungua ni mke wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa jengo la kifua, mliomhudumia kama baba yenu na kuvumilia maswali yake juu ya bei ya dawa, tunawashukuru majirani mliolala na sisi msibani, wenzake wa ofisi ya kodi mliobeba jeneza, karani wa takwimu ambaye tumesikia leo pia amekuja haraka, na muuza duka wa kona, uliyepoteza mteja siku moja ukatupatia baba kwa miaka ishirini na miwili, hatuna cha kukulipa na wewe hukutaka kulipwa. Tunamshukuru pia yule meneja wa kiwanda, mstaafu sasa, aliyetuma salamu za rambirambi, na safari hii hakutuma katoni.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba, na hakuna hata mmoja wao anayevuta. Alama zake nyekundu zilikuwa mbili, moja ya mama yake na moja ya mke wake na hazina, na kwake mwenyewe hakuweka hata moja, kwa hiyo familia, bila idhini yake, kwa kalamu nyekundu ileile, imeongeza ya tatu hapa chini kabisa. Dada, anza wewe, nasi tutakufuata, tugonge mpaka asikie huko aliko, naye asiwe na la kusahihisha.

Pumzika kwa amani, shemeji. Vyote viwili ulivipata.